Je, wajua kwa nini hata chumvi ya Uvinza lazima iongezwe madini joto?

Ukipanda treni Tabora kwenda Kigoma, kabla hujaliona ziwa utapita Uvinza. Pale ardhi yenyewe hutoa chumvi. Kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na watu wamekuwa wakiyachemsha maji hayo tangu zamani sana. Wanaakiolojia waliochimba hapo mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuta vigae vya vyungu vinavyoonyesha kwamba kazi hiyo ina zaidi ya miaka elfu moja. Katika karne ya 19, misafara iliyokuwa ikienda na kurudi Ujiji iliinunua chumvi ya Uvinza na kuibeba hadi mbali.

Pamoja na utajiri huo, muulize mzee yeyote wa huku kwetu magharibi kuhusu rovu. Atakuelezea shingo zilizovimba mpaka mtu anashindwa kufunga kifungo cha juu cha shati. Wengine walidhani ni ya kurithi, wengine wakasema wamerogwa. Sasa iweje watu wanaokaa jirani na chumvi waugue ugonjwa ambao dawa yake huja ndani ya chumvi?

Jibu ni kwamba chumvi na madini joto ni vitu viwili tofauti. Chumvi ni sodiamu na klorini. Madini joto, ambayo wataalamu huyaita iodini, ni madini mengine kabisa. Maji yanayotoka chini ya ardhi yanaweza kuwa makali ya chumvi na bado yakawa karibu hayana iodini. Hata chumvi inayokaushwa kwa jua kule pwani, ambayo watu wengi huiamini kwa sababu imetoka baharini, hubaki na iodini kidogo mno, haitoshi mahitaji ya mwili. Bahari ina iodini, ndiyo, lakini wanaonufaika nayo ni mwani na samaki wa baharini, si chumvi yake.

Mwani ndiko iodini ilikogunduliwa. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akishughulika na majivu ya mwani ili apate malighafi ya kutengenezea baruti. Alipozidisha tindikali, moshi wa zambarau ukapanda mbele yake. Jina iodini limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi hiyo ya zambarau. Ikumbuke rangi hiyo, tutakutana nayo tena.

Sisi wa Kigoma tupo mbali na bahari. Ziwa letu Tanganyika ni la maji baridi, na samaki wa maji baridi kwa kawaida wana iodini kidogo kuliko wa baharini. Mgebuka na dagaa wana mengi mazuri, lakini kwa jambo hili hawatoshi. Nchi za milimani zina shida nyingine: mvua za maelfu ya miaka zimeosha iodini kutoka kwenye udongo na kuipeleka mabondeni, mitoni, hadi baharini. Mmea ukiota kwenye udongo usio na kitu, nao hauna kitu, na mlaji wake vivyo hivyo. Ndiyo maana hata Uswisi, nchi ya milima, ilikuwa na rovu kila kona mpaka ilipoanza kuongeza iodini kwenye chumvi mwaka 1922.

Mbele ya koo lako kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Inaitwa thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili ufanye kazi kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kiunguzwe kwa haraka kiasi gani, mwili uwe na joto kiasi gani. Kwa hiyo jina letu la madini joto limekaa mahali pake. Chembe ya homoni kuu ya tezi hii imebeba atomu nne za iodini. Bila iodini homoni haitengenezeki.

Iodini ikiadimika, ubongo hugundua kwamba homoni zimepungua na kuituma tezi ifanye kazi zaidi. Tezi hufanya kama mvuvi aliyeona dagaa wamekuwa wachache. Anatanua wavu. Tezi nayo hujitanua ili inase kila chembe ya iodini inayopita kwenye damu, na kutanuka huko ndiko rovu unaloliona shingoni.

Na muhogo je? Huku ugali wa muhogo ni chakula cha heshima, na sitaki mtu auache. Ila muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali inayotoa sianidi. Mwili unapoisafisha sianidi hiyo, huigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho thayosaineti, nacho kinaizuia tezi isiichukue iodini. Jambo hili lilionekana wazi miaka ya 1960 kwenye kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu upande wa Kongo. Watu wa sehemu mbili za kisiwa hicho walikuwa na upungufu wa iodini unaofanana, lakini rovu lilikuwa jingi zaidi upande mmoja. Watafiti walipofuatilia, muhogo ukawa sehemu kubwa ya jibu. Kwa hiyo bibi aliyekuambia uuloweke muhogo siku kadhaa, kisha uuanike vizuri kabla ya kuusaga, alikuwa anakulinda. Na pale iodini inapotosha, muhogo ulioandaliwa hivyo hauna ugomvi na tezi.

Rovu linaonekana, na kwa sababu linaonekana ndilo watu wanaloliogopa. Mimi ninachokiogopa zaidi ni kile kisichoonekana. Mtoto akiwa tumboni, katika miezi ya mwanzo, hana uwezo wa kujitengenezea homoni hizi. Anategemea za mama yake, na ubongo wake unajengwa kwa homoni hizo. Mama akiwa na upungufu mkubwa, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, kiziwi, au asiyeweza kutembea sawasawa. Upungufu ukiwa wa wastani, anazaliwa mzima wa mwili, ila darasani anachelewa kushika, na mwalimu anamwita mvivu. Shirika la Afya Duniani limeutaja upungufu wa iodini kuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa duniani za kuharibika ubongo ambazo zingeweza kuzuilika. Na mama wengi hujigundua ni wajawazito wakati kazi hiyo ya ubongo imeshaanza zamani. Kumpa kidonge baada ya hapo ni kuchelewa. Inatakiwa iodini iwe mwilini mwake tayari, tangu jana na juzi.

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Piga hesabu ya miaka 70: haifiki gramu nne, haijazi kijiko cha chai. Tatizo ni kwamba huwezi kukinywa kijiko hicho siku moja ukamaliza, maana mwili hauweki akiba ya miaka. Lazima ije kidogo kidogo, kila siku, kwa kila mtu. Na kitu gani kingine kinaingia kila nyumba kila siku, kwa tajiri na maskini, kwa kiasi kile kile? Katika miaka ya 1980 Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini kwenye wilaya zilizoathirika sana. Tangu katikati ya miaka ya 1990, kanuni zinataka chumvi ya kula iwe na madini joto.

Wala huhitaji kuongeza chumvi kwenye mboga. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, ukila gramu tano tu kwa siku, umeshapata mikrogramu zako 150. Mjamzito aulize kliniki kuhusu zinazobaki.

Kuhusu virutubisho vya chupa vinavyonadiwa kwenye mabasi na kwenye simu, vya kutibu kila kitu, nina neno moja. Madini haya ni ya kiasi. Ikizidi sana, iodini nayo huivuruga tezi, na mtu mwenye rovu la miaka mingi akipewa nyingi kwa ghafla anaweza kuanza kuhisi moyo ukienda mbio, kutetemeka na kukonda. Madini yenye kazi maalumu yana mahali pake: vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, na zinki anayopewa mtoto anayeharisha kwa siku 10 hadi 14. Hivyo usiviache.

Sasa twende jikoni, maana hapo ndipo tunapopoteza. Siku moja sokoni nilisimama mbele ya gunia la chumvi lililokuwa wazi, masika. Chumvi ilikuwa imeloa, na chini ya gunia maji yalikuwa yakichuruzika hadi kwenye vumbi. Yale maji hushuka na iodini. Jua nalo huipunguza, na joto la sufuria pia. Nunua iliyofungwa kwenye pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, uihamishie kwenye kopo lenye mfuniko, uliweke mbali na mafiga na dirisha, na chumvi uitie mboga ikikaribia kuiva.

Maofisa wa afya wana kichupa kidogo cha kupimia. Nimeshuhudia wanafunzi wakipanga meza nzima ya chumvi walizotoka nazo nyumbani, kila mmoja kijiko kwenye karatasi. Tone likidondoka, chumvi yenye madini joto hugeuka bluu ya zambarau hapo hapo. Zile zisizo nayo zilibaki nyeupe vile vile, na watoto wenye karatasi hizo walikuwa wa kwanza kuuliza watamwambia nini mama.