Ushamiri wa VVU si kasi ya kuenea

Desemba Mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, ikikaribia, hakosi mtu wa kutuambia kwamba nchi za Kiislamu zimeimaliza VVU, na ushahidi wake ni asilimia ndogo ya watu wenye virusi huko. Asilimia yenyewe ni ya kweli, ila inapima kitu kingine.

Ushamiri ni asilimia ya watu katika jamii ambao wanaishi na VVU, walioambukizwa zamani na wapya kwa pamoja. Maambukizi mapya ni ya wale walioambukizwa ndani ya mwaka husika. Basi.

Magazeti yetu huyaita yote mawili "kiwango cha maambukizi", na vurugu huanzia hapo. Mtu wa Njombe, Tanzania, au Homa Bay, Kenya, aliyeanza ARV, dawa za kufubaza virusi, akiwa hoi, leo analima shamba lake, na kila utafiti ukipita anahesabiwa. Angekufa, asilimia ingeshuka. Nani angeshangilia?

Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini mambo ni kinyume. Ushamiri kwa watu wazima hauzidi asilimia 0.1, mdogo kuliko popote duniani. Lakini kwa makadirio ya UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, maambukizi mapya huko yaliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 2010 na 2023, huku Afrika Mashariki na Kusini yakipungua kwa zaidi ya nusu.

Udogo huo una sababu zake, na tohara ni mojawapo: majaribio ya Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Afrika Kusini yalionyesha inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Sindano, hata hivyo, haijali tohara. Mwaka 2019, Ratodero huko Sindh, Pakistani, mamia ya watoto walikutwa na VVU, wengi wakiwa na mama wasio nayo. Lawama kubwa iliangukia sindano zilizorudiwa. Iran, ambako wanaojidunga dawa za kulevya ndio walioathirika zaidi kwa miaka mingi, iliamua kutoa methadoni, dawa ya kunywa badala ya heroini, hadi magerezani. Hata Zanzibar, yenye ushamiri chini ya asilimia 1, kwa wanaojidunga heroini namba ni kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema ushamiri ni mdogo, sitabishana nawe. Ila kama unataka kujua virusi vinaenea au la, ulizia walioambukizwa mwaka huu ni wangapi, na kwa njia gani.