Tuisheni ya Sayansi kwa Daktari Mtarajiwa: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Baada ya matokeo ya kidato cha sita, kabla vyuo havijafunguliwa, vijana wengi waliosoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) hapa Tanzania huombwa kufundisha tuisheni. Mimi ni mmoja wao. Nasubiri kuanza udaktari, na jioni nafundisha baiolojia na kemia kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Kuna mambo ambayo wazazi na wanafunzi huyaamini kwa dhati, na yanawachelewesha watoto.

Dhana: Aliyepata A ndiye atakayefundisha vizuri

A inaonyesha kwamba mwalimu anajua somo. Haionyeshi kama anajua mwanafunzi wake anawaza nini, na kwangu kazi kubwa iko hapo. Mwambie mwanafunzi aeleze mzunguko wa damu, na mara nyingi atakwambia damu ya kwenye vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ni ya bluu. Hajabuni: michoro ya vitabuni hupakwa bluu, na mishipa ya mkononi mwake huonekana hivyo. Ukimfundisha moyo saa nzima bila kumuuliza, ataondoka na bluu yake. Damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokolea. Aliyewahi kutolewa damu ya kipimo ameiona kwenye bomba la sindano, maana hutolewa kwenye vena.

Kwa hiyo chaki naanza kumpa yeye. Anaeleza, nasikiliza. Ndivyo ninavyowagundua pia wanaoamini kwamba mimea hupumua usiku tu, ilhali seli zake hupumua usiku na mchana. Mchana usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) huuzidi upumuaji, ndiyo maana oksijeni hutoka.

Dhana: Sayansi ni kukariri

Majina yapo ya kukariri, sikatai. Lakini mtihani wa vitendo humuumbua aliyekariri tu. Chukua kipimo cha sukari: unaweka myeyusho wa Benedict, ambao ni wa bluu, kisha unapasha moto. Wote wamekariri nyekundu ya matofali. Siku sampuli ikiwa na sukari kidogo, rangi huishia kijani, na mwanafunzi anaandika kwamba sukari haipo. Anayeelewa kwamba sukari hugeuza ioni za shaba zilizo kwenye Benedict kuwa oksaidi nyekundu, na kwamba kijani ni mashapo machache ndani ya bluu iliyobaki, hatishwi na rangi hiyo.

Huwaambia pia kwamba zamani, kabla ya vipimo vya sasa vya kisukari, mkojo wa wagonjwa ulipimwa kwa myeyusho huohuo, na kiasi cha sukari kilikadiriwa kwa rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Nikifika hapo, hata aliyekuwa anasinzia hunyanyua kichwa.

Dhana: Moli ni za wenye vichwa

Moli ni hesabu ya idadi ya chembe, kama dazeni, ila idadi yenyewe ni kubwa mno. Gramu 18 za maji ni moli moja. Wanaokwama hapa wengi wao wamekwama kwenye uwiano na sehemu, hesabu za shule ya msingi. Narudi huko bila haya.

Dhana: Asiyeweza kujibu kwa Kiingereza hajui sayansi

Mtoto amesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari anakutana na Kiingereza. Mwache aeleze kwanza kwa Kiswahili. Akishaelewa, tunaandika jibu kwa lugha ya mtihani.

Dhana: Daktari mtarajiwa anapoteza muda, angeanza kusoma anatomia

Hili naambiwa na watu wanaonipenda, na silikubali. Osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi, ninayoifundisha kwa vipande vya viazi na maji ya chumvi, ndiyo inayoeleza kwa nini dripu ya chumvi ina gramu 9 kwa lita: maji matupu yakiingizwa kwenye mshipa, chembe nyekundu za damu hupasuka. Kulieleza hilo mpaka mtoto wa miaka 15 aelewe kunanilazimu nilielewe mimi kwanza.

Na maswali yao ni magumu. Mmoja aliniuliza kwa nini ORS, dawa ya kunywa ya kurudisha maji mwilini, ina sukari wakati mgonjwa wa kuhara anapoteza maji na chumvi. Jibu ni kwamba ukuta wa utumbo mwembamba hupitisha glukosi pamoja na sodiamu, na maji hufuata. Nilimwachia kipande hicho cha mwisho, na kwa osmosisi aliyokuwa ameshajifunza, alikipata mwenyewe.