Tiba shufaa ni nini, na muuguzi ana kazi gani kwa mzee asiyepona

"Daktari amesema hakuna la kufanya tena, turudi naye nyumbani." Aliyewahi kuuguza mzazi mwenye saratani, moyo uliochoka au figo zilizokwisha nguvu huenda amewahi kuambiwa hivyo pale korido ya wodi. Mimi ni muuguzi na sentensi hiyo inaniuma, kwa sababu si kweli. Kilichokwisha ni dawa ya kuponya. Maumivu yapo, usiku wa kukesha upo, hofu ipo, na watoto wamesimama mlangoni hawajui waseme nini. Yote hayo yana watu wa kuyashughulikia, na kazi yao inaitwa tiba shufaa.

Neno shufaa Waislamu wanalijua tangu madrasa: ni uombezi, Mtume kuwaombea umma wake siku ya kiyama. Hospitalini linamaanisha huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, yeye pamoja na familia yake. Sijui neno lingine ambalo lingefaa zaidi. Mwombezi ni yule anayesimama upande wako wakati wewe mwenyewe huna sauti, na mzee aliyelala kitandani wiki ya tatu mara nyingi hana sauti nyumbani mwake.

Watu wengi hudhani huduma hii ni ya siku za mwisho tu. Inatakiwa ianze mapema, hata mgonjwa akiwa bado anapata mionzi au dawa za saratani, na iendelee sambamba na matibabu mengine. Huduma hii kama tunavyoijua leo ilikua kutokana na kazi ya Cicely Saunders wa Uingereza, aliyeanza kama muuguzi, akafanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, mjini London. Alichofundisha ni kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili peke yake: yamo ya moyo, ya jamaa na mali, na ya roho. Ukimpa dawa ya mfupa unaouma huku anawaza nani atamlea mjukuu wake, usingizi hauji.

Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda. Huko mofini, dawa kali ya maumivu, huja ikiwa unga, ikachanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa anaweza kukaa nayo nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini hiyo. Kwa mtu wa mjini hilo linaweza kuonekana jambo dogo, lakini kijijini, ambako daktari yuko mbali na muuguzi yupo, ndilo linaloamua kama mzee atalala au atalia hadi asubuhi.

Mofini inaogopwa sana. Watoto wananiuliza, "Dada, hiyo si itammaliza? Si atakuwa teja?" Ikitolewa kwa kipimo, ikaanzia chini na kupandishwa polepole kufuata maumivu, haimuui mgonjwa, na anayeinywa kwa ajili ya maumivu ya saratani si sawa na mtu anayetafuta kulewa. Ile ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, kwa sababu nguvu yake huisha. Tatizo lake la kila siku ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inakwenda nayo tangu siku ya kwanza. Muuguzi asipoiuliza habari ya choo, mzee hataisema. Ataona aibu, atakataa kula, na nyinyi mtadhani ni ugonjwa umezidi.

Kupima maumivu tunatumia mkono. Ngumi iliyofumba maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja maumivu kidogo, vidole vitano maumivu yasiyovumilika. Nimewahi kumwuliza babu mmoja mbele ya wanawe akaniambia, "Sijambo, mwanangu." Walipotoka kwenda kunywa chai aliutoa mkono chini ya shuka, vidole vinne. Mwanaume wa umri wake hakulelewa kusema anaumwa mbele ya watoto. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu hata mkono hautoshi. Hapo unaangalia uso unavyokunjamana ukimgeuza, unasikiliza mguno, unaona anavyokataa kuguswa mahali fulani.

Hadi hapa nimesema ya mwili. Sehemu ambayo watu wanaisahau ni kwamba mzee huanza kufiwa muda mrefu kabla ya kifo chake mwenyewe. Bibi aliyetolewa Lushoto akaletwa kwa mwanawe Dar es Salaam amepoteza shamba, baridi ya asubuhi, majirani wa kumwamkia "shikamoo", na jiko ambalo lilikuwa lake. Familia inashangaa: anakula vizuri, ana feni, ana televisheni, mbona amenyamaza? Amenyamaza kwa sababu ana msiba usio na matanga. Muuguzi hawezi kumrudishia Lushoto, lakini anaweza kuitaja mbele yake na kumuuliza alikuwa analima nini. Anaweza pia kuiambia familia impe kazi. Mpeni ungo na mchele achambue. Siku hiyohiyo, jioni mnapokula, semeni ni yeye aliyechambua.

Mjane wa miaka sabini na kitu ana mzigo wake. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba miezi ya mwanzo baada ya kufiwa na mwenza ni ya hatari, wengi huugua na baadhi hufuata. Baadhi ya sababu ninaziona kwa macho yangu. Wakati wa matanga mama mkubwa amekaa mkekani siku nzima, miguu imevimba, chai ina sukari nyingi, na dawa zake za presha ziko kabatini kwenye chumba ambacho wageni wamejaa. Hakuna anayezikumbuka. Ndiyo maana nikifika msibani, baada ya pole, namtafuta binti mmoja mtulivu na kumkabidhi kopo la dawa: wewe ndiye wa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Na kwa aliye kwenye eda, ile miezi minne na siku kumi, nakumbusha kwamba kwenda kutibiwa ni haja inayokubalika. Msiache kisukari chake kipande juu kwa kudhani mnahifadhi dini.

Kuna sentensi ambazo naomba zisisemwe kwa mzee aliyefiwa. "Umezeeka, haya umeyazoea." Hakuna anayezoea. Aliyezika ndugu watano wa tumbo moja hana ngozi ngumu zaidi. Ana watu wachache zaidi wa kumwita kwa jina lake la utotoni. Na bibi mwenye ugonjwa wa kusahau akiuliza, "Babu yenu yuko wapi?" msimjibu kila siku kwamba alikufa, maana kila siku atafiwa upya. Mwambieni, "Umemkumbuka? Hebu tuambie mlikutana wapi." Mara nyingi alikuwa anataka kumzungumzia tu.

Suala gumu kuliko yote ni "msimwambie mzee." Watoto wanalisema kwa upendo, nami siwagombezi. Lakini namuuliza mwenyewe kwanza: ungependa kujua habari za ugonjwa wako, au tuzungumze na mtu unayemwamini? Wapo wanaosema mwambie mwanangu mkubwa, na hiyo ni haki yao. Wengi wanajua tayari. Wanachotaka ni nafasi ya kusema shamba liende kwa nani, wazikwe wapi, na yule ndugu waliyegombana aitwe kabla ya muda kwisha.

Siku za mwisho zenyewe zina dalili ambazo familia ikizijua haishtuki sana. Mzee analala zaidi, mikono na miguu inapoa, pumzi inasimama kidogo kisha inarudi, koo linakoroma. Hataki chakula. Hapa ndipo upendo unaweza kuumiza: uji ukilazimishwa kwa mtu asiyeweza kumeza unaingia kwenye mapafu. Badala ya uji, chukueni kitambaa laini kilicholoweshwa maji safi, mpitishie ndani ya midomo na kwenye ulimi, kisha mpake mafuta midomo isipasuke. Mgeuzeni taratibu kila baada ya saa mbili au kadiri anavyovumilia. Zungumzeni naye, hata kama hajibu, kwa kuwa huenda bado anasikia. Anayetaka kusoma Yasini asome, anayetaka kuimba tenzi aimbe, na anayetaka kushika mkono tu aachiwe kiti.

Baada ya maziko kazi yangu bado ipo. Hurudi wiki chache baadaye, watu wakiwa wameondoka, mikeka imekunjwa na sufuria za kuazima zimerudishwa. Naenda na mashine ya presha. Mjane ananyoosha mkono, nafunga mkanda, napima, naandika. Kisha siufungui haraka, kwa sababu wengi wao huanza kuzungumza mkono ukiwa bado umeshikwa.