Lori linashuka Kitonga: uanzie kwenye kani au kwenye nishati?

Wanafunzi wengi wakiona swali la mekanika wanakimbilia fomula kabla hata hawajajiuliza swali linataka nini. Nafundisha fizikia chuoni na hata mwaka wa kwanza nawakuta hivyohivyo, inaniuma kweli maana wengi wana akili nzuri tu ila hakuna aliyewaonyesha pa kuanzia. Basi leo tuchukue lori moja tulishushe mteremko mkali wa Kitonga, pale ukitoka Iringa unaelekea Ruaha Mbuyuni.

Tuseme lori na mzigo ni tani 20, lilikuwa limesimama, breki hazishiki, gia iko frii, na linateremka mpaka liwe chini kwa mita 100. Upepo na msuguano tuviache kwanza. Huko chini litakuwa na mwendo gani?

Kwa kani, yaani nguvu zinazolisukuma na kulivuta lori, unaanza na mchoro. Uzito wake ni niutoni 200,000 (g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, nimeichukua kama 10), halafu kuna barabara inayolisukuma lori juu. Kama kila mita 10 za barabara unashuka mita 1, basi sehemu ya uzito inayolivuta kufuata mteremko ni niutoni 20,000, gawanya kwa kilo 20,000 unapata mchapuko wa 1, yaani kila sekunde mwendo unaongezeka mita 1 kwa sekunde. Barabara ina urefu wa mita 1,000, na mwendo mara mwendo ni sawa na 2 mara mchapuko mara urefu, kwahiyo mwendo unakuja kama mita 45 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 160 kwa saa jamani!

Lakini Kitonga haijanyooka, ina kona kona na mteremko unabadilika, kwahiyo kwa njia hiyo utakesha. Hapo ndipo nishati inakuokoa, kwa sababu yenyewe inauliza kimo tu. Nishati tuli (ile ya kuwa juu) iliyopotea ni 200,000 mara 100, yaani jouli milioni 20, yote imegeuka nishati mwendo, ambayo ni nusu ya masi (zile kilo 20,000) mara mwendo mara mwendo, na ukipiga hesabu unapata 45 ileile. Barabara inasukuma matairi kwa pembe mraba na mwendo, haifanyi kazi yoyote, ndiyo maana kona hazionekani kwenye hesabu.

Ila nishati haikuambii lori limetumia muda gani. Ukiulizwa sekunde lazima urudi kwenye kani: 45 gawanya kwa mchapuko wa 1, sekunde 45 tu, hata dakika haijaisha.

Sasa hapa ndipo watu wanapoteleza. Wanasema lori zito litafika na kasi kubwa kuliko jepesi. Hapana, masi iko kwenye nishati tuli na iko kwenye nishati mwendo, pande zote mbili za mlinganyo, inajifuta. Masi inakuja kudai haki yake kwenye breki, kwa sababu ukitaka lori lifike chini polepole zile jouli milioni 20 lazima ziende mahali, na zinaenda kuwa joto. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu lita 60 za maji kutoka nyuzi 20, na hizo ni mita 100 tu za kushuka, lori na mzigo wake vikiwa na uzito mara mbili na joto mara mbili. Breki zikishapata moto sana zinapoteza nguvu ya kushika hata ukikanyaga mpaka mwisho.

Ndio maana dereva mzoefu anaingiza gia ya chini mapema kabla mteremko haujaanza, injini inazuia magurudumu na kuchukua sehemu ya nishati hiyo. Akiweka frii ili aokoe dizeli, jouli zote milioni 20 anaziachia breki peke yake.