Mtoano wa spidiwei Uingereza: shika hesabu ya pointi 91

Msimu wa spidiwei, yaani mbio za pikipiki za timu, Uingereza huanza Machi, na Septemba unapofika timu nne za juu za ligi kuu, inayoitwa Premiership, huingia nusu fainali na kisha fainali. Kila hatua ina mikondo miwili, nyumbani na ugenini, na mshindi hupatikana kwa jumla ya pointi. Utaratibu huu ulianza 2002, Wolverhampton wakawa mabingwa wa kwanza kuupitia. Kabla ya hapo aliyemaliza kileleni ndiye alikuwa bingwa. Mwaka 2010 Poole waliongoza msimamo kwa tofauti kubwa, kisha wakapoteza fainali kwa Coventry. Wapo wanaouona mfumo huu kuwa dhuluma. Mimi naupenda, kwa sababu mtoano unadai hesabu ambazo mechi za kawaida hazidai.

Mechi moja ina mbio 15. Kila mbio ina waendeshaji wanne, wawili kwa kila timu, na mizunguko minne kinyume cha mwendo wa saa. Pikipiki ni za cc 500, silinda moja, zinatumia methanoli na hazina breki. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho sifuri. Kwa hiyo kila mbio hutoa pointi 6, mechi nzima 90, mikondo miwili 180. Timu ikifika 91, imepita.

Kosa la watazamaji wengi ni kutazama matokeo ya usiku ule peke yake. Tuseme timu A ilishinda nyumbani 50–40. Kwenye marudiano, baada ya mbio 12, inachapwa 40–32 na uwanja mzima unashangilia mwenyeji. Kumbe A bado iko mbele, 82–80. Zimebaki mbio tatu, yaani pointi 18. A inahitaji 9, na sare tatu za 3–3 zinaitosha kabisa. Mwenyeji, timu B, anahitaji 11: ama 5–1 moja na sare mbili, ama 4–2 mbili na sare moja. Ukiandika “A 9, B 11” pembeni ya karatasi yako na kupunguza baada ya kila mbio, hutapotea hata matangazo yakikatika.

Kuna jambo moja linaloharibu hesabu hii. Mwendeshaji mmoja akianguka au akiondolewa, waliobaki watatu bado wanagawana 3, 2 na 1, kwa hiyo jumla haibadiliki. Lakini wakimaliza wawili tu, pointi moja inapotea na mbio inasomeka 3–2 au 5–0. Hapo jumla inashuka hadi 179, na 90 inatosha kumvusha mtu. Andika mbio hiyo kwa wino tofauti.

Usichanganye bonasi na pointi. Anayemaliza nyuma ya mwenzake wa timu huku akiwa mbele ya mpinzani hupewa bonasi moja. Ukiona “9+2” kwenye karatasi ya matokeo, timu imepata 9. Zile mbili zinaingia kwenye wastani wa mwendeshaji: chukua 11, gawa kwa mbio tano alizoendesha, zidisha kwa nne, unapata 8.80. Wastani huo ndio unaosaidia kupanga nani avae namba gani, na nani ashuke kuwa wa akiba.

Hao wa akiba, namba 6 na 7, ndio ninaowachunguza kwanza karatasi za vikosi zinapotoka. Wanakutana wenyewe kwa wenyewe katika mbio ya 2, na kocha anaweza kuwaingiza badala ya mwenzao anayesuasua, hadi mbio saba kwa usiku mmoja. Mwendeshaji mzuri aliyeshushwa akiba kwa sababu alianza msimu vibaya ni hatari kuliko nyota wa namba 1. Mbio ya 13 kwa kawaida huwakutanisha namba 1 na 5 wa pande zote, na ya 15 makocha huteua wenyewe wa kuwatuma. Kama tofauti ya jumla ni pointi nne au chini ya hapo kabla ya mbio ya 15, hakuna aliyepita bado.

Majeruhi hubadilisha kila kitu, maana wengi huendesha pia Poland na Sweden wiki hiyo hiyo. Timu ikimkosa mtu, ama inaazima mgeni kutoka timu nyingine ambaye wastani wake hauzidi wa aliyekosekana, ama wenzake wanagawana mbio zake. Mgeni anaweza kuwa na jina kubwa, lakini uwanja asiouzoea humwadhibu kwenye kona ya kwanza.

Na hali ya hewa ya Oktoba? Njia ni ya mawe laini yaliyosagwa, na baridi ya jioni haiiachi ikauke. Umande ukishuka, udongo unashika, matairi yanauma, na mafundi hufunga sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) kubwa zaidi ya nyuma ili injini ivute. Tazama mbio nne za mwanzo: nafasi ipi ya kuanzia, 1 hadi 4, inatoa washindi? Kama ni ya ndani tu, kupitana kutakuwa kugumu na kuanza vizuri ndiko kutaamua. Kukiwa na udongo uliolegea karibu na uzio, atokaye nje anaweza kuwapita wawili kwa kona moja. Anayegusa kamba za kuanzia hupoteza nafasi yake: ama anarudishwa mita 15 nyuma, ama anampisha wa akiba. Katika mtoano, pupa ya namna hiyo imegharimu timu nyingi.

Mvua inaahirisha mechi mara kwa mara, na kiporo kinaweza kuangukia siku ambayo nyota ana mkataba nje. Kwa hiyo soma upya orodha ya kikosi kila tarehe inapobadilika. Soma pia kanuni za msimu husika kuhusu sare ya jumla na mbinu za timu iliyo nyuma, kwani hurekebishwa mara nyingi.

Kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi, mechi ya saa 1:30 jioni Uingereza huanza saa 3:30 usiku. Ikisukumwa hadi baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza wanarudisha saa nyuma, nawe unasubiri hadi saa 4:30.