Art Smith, mfua fedha aliyeufanya mwili uwe sehemu ya kidani

Kwa masonara wetu swali la kwanza ni lile lile, gramu ngapi, karati ngapi? Mi sina ubaya na hilo, dhahabu ni akiba na kuna mama zetu waliouza bangili ili mtoto asome, lakini kuna mafundi huko Marekani na Ulaya, kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1960 na kitu, walioamua kwamba thamani ya pambo haikai kwenye mizani, inakaa kwenye umbo, na kwa mtu kama mimi ninayeshinda na nyundo mkononi hao watu nawapenda kupita maelezo.

Kati ya hao wengi humtaja kwanza Alexander Calder, msanii wa Marekani, na ni haki yake. Anajulikana zaidi kwa sanamu zake zinazoning'inia, ila alitengeneza pia vito karibu 1,800, anachukua waya wa shaba au wa fedha anaugonga, anauzungusha mpaka unajikunja kama konokono, halafu mara nyingi hatii lehemu kabisa, anafunga waya juu ya waya au anapiga ribiti, yaani misumari ya kuunganishia, basi. Maungio yote unayaona. Sonara aliyefundishwa kuyaficha atakwambia kazi haijaisha, kwa Calder hayo maungio ndo urembo wenyewe.

Ila ninayetaka mumjue hasa ni Art Smith. Alizaliwa Cuba 1917, wazazi wake Wajamaika, akakulia Brooklyn, New York, akasoma sanaa chuo cha Cooper Union, kazi ya vito akaiingia akiwa na Winifred Mason, mwanamke mweusi aliyekuwa fundi wa vito hapo New York. 1946 akafungua duka lake Greenwich Village, kitongoji cha New York, mtaa wa Cornelia. Mtu mweusi, duka lake mwenyewe, miaka ile! Akasumbuliwa kwa ubaguzi, akahamia West Fourth Street, sio mbali, na huko ndo jina likapaa, vito vyake vikaanza kutokea kwenye majarida ya mitindo ya Vogue na Harper's Bazaar.

Alitumia sana shaba nyekundu na shaba njano, metali za bei nafuu, na hapa niwaelezee kidogo kinachotokea mezani maana bila hicho hamtamwelewa. Shaba ukiigonga inakaza. Ukizidi kuigonga inapasuka, kwa hiyo kila baada ya muda fundi anaipasha moto mpaka iwive nyekundu, inalainika, anarudi kugonga tena, moto tena, nyundo tena, mpaka umbo linakuja. Raundi ya mwisho ndo ya ujanja, unagonga halafu hupashi tena, unaiacha na ugumu wake, sasa ukiipanua kidogo inarudi yenyewe, inaubana mkono bila kufuli wala bawaba. Ndo maana bangili pana ya wazi inaweza kukaa palepale ulipoiweka hata ukipunga mkono.

Smith alikuwa anasema pambo halijakamilika mpaka livaliwe, mwili ni malighafi kama ilivyo metali, na ile nafasi tupu katikati nayo ni malighafi. Hilo halikutoka hewani. Alitengenezea mapambo vikundi vya dansi, watu kama Talley Beatty na Pearl Primus, na jukwaani kitu kidogo hakionekani, lazima kiwe kikubwa, kiwe chepesi na kimfuate mchezaji anavyogeuka. Angalia bangili yake ya Lava, inafunika mkono kuanzia kwenye kifundo cha mkono kwenda juu, mabamba yanapandana kwa mawimbi, huwezi kuiita bangili ya kawaida. Kidani chake cha Patina ndo kimetoka moja kwa moja kwenye zile sanamu za Calder, vipande vinaning'inia na kucheza kifuani. Alimtengenezea Duke Ellington, mwanamuziki wa jazz, vifungo vya mikono ya shati vyenye noti za muziki, na bruchi yake moja, yaani pini ya urembo ya kubana kwenye nguo, alipewa Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani.

Ulaya nako kulikuwa na moto wake, Torun Bülow-Hübe wa Sweden alibuni saa ya bangili 1962, iko wazi upande mmoja na uso wake unang'aa kama kioo cha kujitazamia, Georg Jensen, kampuni ya vito ya Denmark, wakaja kuiuza miaka hiyo hiyo ya 60. Huyo anastahili posti yake.

Smith alifunga duka 1979, akafariki 1982. Brooklyn Museum wana vito vyake na 2008 walimfanyia maonyesho. Mkimtafuta mtandaoni msitosheke na picha za vito vilivyolazwa juu ya kitambaa cheupe, hapo mnaona metali tu. Tafuteni ile picha ya mwaka 1948 hivi aliyoipiga Peter Basch, mwanamitindo kavaa bangili ya Modern Cuff, mtaona hiyo nafasi tupu inavyofanya kazi ikishapata mkono.