King'amuzi hakina stesheni

Swali limekuja tena wiki hii, na kwa maneno yale yale: "Fundi, nimechoka kulipia kila mwezi. King'amuzi gani cha bure kina stesheni nyingi?" Hapa Mombasa swali hili limewatoa watu pesa nyingi bila faida, na linanichoma.

King'amuzi hakina stesheni hata moja. Stesheni ziko hewani, zinarushwa na minara, na kile kisanduku hufungua tu kile ambacho antena imekiletea. Chukua visanduku vitatu vizima vya DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali unaotumika Kenya, viwe vya bei ya chini au ya juu, uvichomeke kwa zamu kwenye waya mmoja: vitakupa stesheni zile zile. Muuzaji anayekuahidi themanini amehesabu na redio, au anasoma kilichochapishwa kwenye boksi.

Kumbuka Februari 2015. Mfumo wa zamani wa analojia ulipozimwa Kenya, Citizen, NTV, KTN na QTV hazikuonekana kwa karibu wiki tatu. Wenye stesheni hizo hawakutaka kubebwa na kampuni za kurushia matangazo, Signet ya KBC, shirika la serikali, wala PANG; walitaka mtandao wao wa kurushia. Kiini cha mvutano ule kilikuwa nani atashika mnara. Ndiyo maana mpaka leo hewani kuna mafungu kadhaa ya mawimbi, na kila fungu limebeba stesheni nyingi kwenye masafa mamoja. Ukilikosa fungu, umezikosa zote zilizomo kwa mpigo mmoja. Ukiona KBC inang'aa na Citizen haipo kabisa, usikimbilie dukani kununua kisanduku kingine. Panda juu ukaangalie antena.

Na huenda kisanduku hukihitaji kabisa. Tazama nyuma ya runinga au kwenye kijitabu chake: ikiwa imeandikwa DVB-T2, chomeka waya wa antena, tafuta stesheni, basi. Angalia sana runinga za mitumba. Iliyotoka Marekani ina mfumo mwingine kabisa, na nyingi za zamani kutoka Uingereza zina DVB-T pekee, ambayo kwetu haisaidii. Hizo ndizo za kununuliwa kisanduku.

Antena nayo imezuliwa mambo. Hakuna "antena ya dijitali". Mawimbi haya yako kwenye masafa yaitwayo UHF, kati ya megahezi 470 na 694, na antena ya UHF ya zamani yenye vijiti vifupi huyashika vizuri. Kama ulikuwa na GOtv, king'amuzi cha kulipia, ile iliyo juu ya paa ni ya UHF. Iache hapo hapo.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote. Ukibonyeza taarifa za mawimbi kwenye rimoti utaona mistari miwili: nguvu na ubora. Watu wote, na mafundi wengine pia, hutazama nguvu. Wakiona asilimia tisini wanakunja vifaa wanaondoka. Kumbe kinachojenga picha ni ubora. Zamani mawimbi yakidhoofika uliona chenga na bado ukafuatilia taarifa ya habari. Dijitali haina chenga: picha ni safi mpaka pale inapoganda vipande vipande, kisha giza. Kwa hiyo antena iliyowekwa ikabaki pembeni kidogo tu ya mahali pa kukatikia itakuonyesha vizuri saa kumi alasiri na kukuangusha saa mbili usiku.

Ubora hupatikana kwa kuigeuza antena taratibu, kuipandisha juu ya mabati ya jirani, na kulaza au kusimamisha vijiti kulingana na mnara unaoutaka. Tazama antena za mtaani zinazofanya kazi, zitakuambia. Kisha waya: tumia ule mnene wa RG6, mmoja, usiounganishwa njiani kwa utepe. Chumvi ya bahari huingia kwenye kiungo na kukila kimya kimya.

Busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, huongeza nguvu pamoja na makelele yake, sawa na kumpa kipaza sauti mtu mwenye sauti ya kukwaruza. Husaidia ikifungwa kule juu kwenye antena, pale waya unapokuwa mrefu. Ikifungwa nyuma ya runinga, makelele yameshaingia njiani. Hata hivyo, bado nasita kila ninapoombwa nishauri. Sababu ni kwamba jioni za kaskazi, mawimbi ya mbali husafiri juu ya bahari na kuvuruga ya karibu. Vitabu vinaeleza sababu, ni tabaka za hewa ya joto. Lakini kwa nini nyumba hii ikatike na ya mkabala isikatike, sijui, na fundi anayekuhakikishia anakisia.

Mpira. Ligi Kuu ya Uingereza kwa kawaida haimo kwenye stesheni za bure. KBC ilitupa Kombe la Dunia 2022, lakini usipange Jumamosi zako kwa tumaini hilo. Na vile visanduku vinavyofungua stesheni za kulipia kwa "akaunti" ya mtandaoni si vya bure: unamlipa mwizi, na akaunti ikizimwa huna pa kulalamika.

Kabla ya kukata kifurushi, andika stesheni ambazo nyumba yako imetazama wiki hii. Zikiwa zote za Kenya, gharama yako ni antena, waya na mtu wa kupanda juu. Ikiwa ni mpira peke yake, lipia miezi ya ligi, na miezi mingine uachie antena.